Kanda za redio za 1992 zageuka santuri; za Juba ziko wapi?

Juba. Anayevusha mabati pale Nimule anajua kwamba uzito ni gharama. Ila ipo bidhaa moja ambayo mnunuzi huipenda kwa sababu ni nzito: santuri ya gramu 180. Ya kawaida ina gramu 120 hadi 140 hivi. Nzito haipindi kirahisi. Wanaoapa kwamba na sauti yake ni tamu zaidi huenda wanasifia bei waliyolipa.

Muziki wa zamani wa Sudan umepata nafasi katika soko hilo la santuri. Mwaka 2018 kampuni ya Habibi Funk ya Berlin ilitoa upya "Jazz, Jazz, Jazz" ya The Scorpions na Saif Abu Bakr, albamu iliyotoka Kuwait mwaka 1980. Mwaka huohuo ikatoa "Muslims and Christians" ya Kamal Keila, anayefananishwa na James Brown na Fela Kuti.

Hii ya pili ndiyo inayogusa Juba. Nyimbo zake zilirekodiwa redioni mwaka 1992, vita vya kaskazini na kusini vikiwa vimepamba moto: tano kwa Kiingereza, tano kwa Kiarabu, kuhusu umoja, Waislamu na Wakristo, na yatima wa vita. Kuimba hayo chini ya utawala wa Omar al-Bashir kulitaka moyo. Keila alibaki na kanda zake nyumbani, na robo karne baadaye zikawa mali. Habibi Funk husema hugawana faida nusu kwa nusu na wasanii.

Angeziacha redioni tu? Vita vya Aprili 2023 vilipozuka, jengo la redio na televisheni Omdurman lilishikwa na wapiganaji wa RSF hadi Machi 2024.

Juba nayo ilikuwa na bendi zake. Baada ya Mkataba wa Addis Ababa wa 1972, mji ukiwa makao ya serikali ya kusini, Skylarks na Rejaf Jazz waliwachezesha watu, masikio yao yakielekea zaidi Kinshasa, Kampala na Nairobi kuliko Khartoum. Mwaka 1983 vita vikarudi. Familia nyingi zilikimbilia Uganda na Kenya, kwa hiyo kanda iliyosalimika inaweza kuwa Arua au Nairobi sawasawa na Juba kwenyewe.

Mfanyabiashara atakayeikuta asidhani amenunua muziki. Mwenye kanda si lazima awe mwenye wimbo. Kabla ya bei kutajwa, ajulikane mtunzi, waliopiga vyombo na warithi wao, na mkataba uandikwe. Na asiicheze ili kuijaribu. Utepe uliokaa miaka 40 kwenye joto unaweza kukatika, au kupukutisha unga unaobeba sauti, mara hiyo ya kwanza tu.