Haki ya wakili isingoje siku ya hukumu

Kitengela ya leo si ile waliyoijua wazee wetu. Mahali palipokuwa malisho ya Wamaasai na mapito ya nyumbu waliotoka Mbuga ya Nairobi, leo pana majumba ya kupangisha, maduka, vibanda vya chakula na mabango ya vyuo. Mji huu, ulio kilomita 30 hivi kusini mwa Nairobi, umekuwa makao ya walimu, wafanyakazi wa viwanda vya Athi River, waendeshaji bodaboda na vijana wengi wanaosoma huku wakilala wanne katika chumba kimoja. Panapokusanyika vijana wengi, polisi nao hawakosi kupita.

Hebu tuchukue mfano, ndugu msomaji. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anatoka kununua chakula Ijumaa saa tano usiku. Gari la polisi linasimama, anatiwa ndani pamoja na wengine asiowajua, simu yake inachukuliwa, naye anaingizwa seli. Katiba inaamuru afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Lakini Katiba hiyo hiyo inasema kwamba saa hizo zikiisha wakati mahakama zimefungwa, basi ataletwa siku ya mahakama inayofuata. Asipoachiliwa kwa dhamana ya polisi, huenda kijana huyu akalala korokoroni hadi Jumatatu. Katika muda huo wote hakuna aliyemweleza lolote ila sauti moja inayomnong'onezea: "Kubali makosa, utatozwa faini ndogo uende zako."

Neno hilo "kubali" ndilo lililonifanya nishike kalamu leo.

Wengi wetu hudhani kwamba kazi ya wakili huanza siku ya kesi, pale anaposimama mbele ya hakimu na kuhoji mashahidi. La hasha. Kesi nyingi za maskini huamuliwa kabla ya shahidi wa kwanza kuapishwa. Huamuliwa seli, kwa hofu na njaa, na kwa kutojua. Mshtakiwa akikiri kosa katika mahakama ya hakimu, kifungu cha 348 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinamfungia mlango wa rufaa. Hawezi tena kulalamika kuhusu kupatikana na hatia, bali kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Faini ile "ndogo" huweza kulipwa kwa mchango wa marafiki na kusahauliwa. Rekodi haisahauliki. Miaka mitatu baadaye kijana huyo atakapohitimu ualimu, Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) itamtaka alete hati ya mwenendo mwema kutoka kwa polisi. Hapo ndipo atakapotambua kwamba neno moja alilolitamka akiwa na usingizi limemfuata hadi mlangoni pa kazi.

Sheria yetu haikukusudia mambo yawe hivyo. Tangu mwaka wa 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, mahakama za rufaa za Afrika Mashariki ziliweka utaratibu ulio wazi: mashtaka yasomwe na kufafanuliwa katika lugha anayoielewa mshtakiwa, maelezo ya tukio yasimuliwe, naye apewe nafasi ya kuyapinga kabla ya kuhesabiwa kuwa amekiri. Katiba ya 2010 iliongeza uzito. Kifungu cha 49 kinampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa, haki ya kunyamaza, haki ya kuwasiliana na wakili, na haki ya kutolazimishwa kukiri. Kifungu hicho hicho kinakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Nacho Kifungu cha 50 kinamhesabu kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo.

Lakini haki isiyojulikana na mwenyewe ni kama akiba iliyozikwa shambani na marehemu asiyeacha wosia. Mchungaji kutoka Ilbissil asiyesema ila Kimaasai ana haki ya mkalimani bila kulipa senti. Je, ni nani atakayemwambia? Hakimu mwadilifu atamwambia, naam. Lakini hakimu humwona mshtakiwa baada ya polisi kumaliza naye. Mtu wa kwanza ambaye kazi yake ni kumwambia mshtakiwa ukweli kwa faida ya mshtakiwa mwenyewe ni wakili wake.

Wapo watakaouliza: kwa nini tuwatetee wahalifu, hali ng'ombe wetu wanaibwa na mabinti zetu wananyang'anywa simu njiani? Swali hili ni la haki, nalo lastahili jibu. Aliyeibiwa ana haki ya kuona mwizi akiadhibiwa. Hata hivyo, anapofungwa asiye mwizi, mwizi halisi yuko nje na aliyeibiwa amepata kiinimacho badala ya haki. Wakili wa utetezi hafichi mwizi. Huulazimisha upande wa mashtaka uthibitishe kwamba waliyemshika ndiye. Kwa kuhoji ushahidi leo, humfunza mpelelezi wa kesho kufanya kazi yake vyema.

Walimu wa makamo wanaosoma safu hii wanakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa bila mtetezi. Kuanzia mwaka wa 1986, wakati wa msako wa Mwakenya, wahadhiri na wanafunzi wa vyuo vikuu walizuiliwa katika vyumba vya chini vya Nyayo House jijini Nairobi. Wengi walifikishwa mahakamani jioni, bila wakili, wakakiri na kupelekwa gerezani. Kwenye majalada, kesi hizo zilionekana safi: mshtakiwa amesomewa, mshtakiwa amekubali. Ilichukua hadi 2010 kwa Mahakama Kuu kukubali madai ya baadhi yao kuhusu mateso na kuwapa fidia. Zaidi ya miaka ishirini ilipita kati ya kukiri na ukweli.

Kumtetea mshtakiwa si kazi salama pia. Tarehe 23 Juni 2016, wakili Willie Kimani wa shirika la International Justice Mission alitoka katika mahakama ya Mavoko, mwendo mfupi tu kutoka Kitengela. Alikuwa pamoja na mteja wake, mwendeshaji bodaboda Josephat Mwenda, aliyekuwa amelalamika kwamba afisa wa polisi alimpiga risasi, na dereva wa teksi Joseph Muiruri. Hawakufika nyumbani. Miili yao ilipatikana mtoni siku kadhaa baadaye. Mnamo Julai 2022 Mahakama Kuu iliwapata maafisa watatu wa polisi na raia mmoja na hatia ya mauaji, na Februari 2023 afisa mmoja akahukumiwa kifo, wenzake vifungo virefu. Wakili huyo aliuawa kwa sababu alisimama kando ya mtu mnyonge.

Na Kitengela yenyewe ina lake la kusimulia. Tarehe 19 Agosti 2024, baada ya maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha, ndugu wawili, Jamil na Aslam Longton, pamoja na mwanaharakati Bob Njagi walichukuliwa na watu wasiojitambulisha. Hapakuwa na mashtaka wala seli inayojulikana. Chama cha Mawakili wa Kenya kilikwenda Mahakama Kuu kudai waletwe. Jaji Lawrence Mugambi alimwita kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi, Gilbert Masengeli, mara kadhaa bila yeye kufika, na tarehe 13 Septemba akamhukumu kifungo cha miezi sita kwa kudharau mahakama. Tarehe 20 Septemba watatu hao walionekana tena, wakiwa hai, baada ya siku 32. Masengeli naye alifika mbele ya jaji na adhabu ile ikaondolewa. Pasingekuwa na mawakili wa kuipeleka kesi ile mahakamani, hakimu gani angejua hata kuuliza?

Sasa tuje kwenye gharama, kwani hapo ndipo mzigo ulipo. Katiba ya zamani, katika kifungu cha 77, ilitamka waziwazi kwamba haki ya kuwa na wakili haikumaanisha serikali imlipe. Aliyeshtakiwa kwa mauaji katika Mahakama Kuu alipewa wakili wa serikali. Aliyeshtakiwa kwa wizi wa mabavu mbele ya hakimu, ingawa naye alikabiliwa na kitanzi, alijitetea mwenyewe. Katiba ya 2010 ilibadilisha msingi huo: serikali itoe wakili kwa gharama yake pale ambapo dhuluma kubwa ingetokea bila wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ikaunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Mwaka wa 2017, katika kesi ya Karisa Chengo, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba haki hii haina upana usio na mipaka, ikataja mambo ya kupimwa: uzito wa kosa, ukali wa adhabu, uwezo wa mshtakiwa kulipa, iwapo ni mtoto, elimu yake na ugumu wa mashtaka.

Kwa maoni yangu kipimo hicho ni kizuri ila kinakuja kwa kuchelewa. Hupimwa mahakamani, ilhali madhara hufanyika kituoni. Yafaa kila kituo cha polisi katika Kaunti ya Kajiado kiwe na orodha ya mawakili wa zamu, nambari zao zibandikwe ukutani kwa Kiswahili na Kimaasai, na mshukiwa aruhusiwe kupiga simu kabla ya kuandikisha taarifa yoyote. Sheria ya 2016 inavitambua pia vyuo vikuu vinavyoendesha vituo vya msaada wa kisheria. Vyuo vyenye vitivo vya sheria na vituke wanafunzi wao, chini ya uangalizi wa mawakili, hadi Kitengela, Isinya na Kajiado mjini. Watajifunza zaidi kwa Jumamosi moja kituoni kuliko kwa wiki nzima ya mihadhara.

Nanyi walimu, msingoje serikali. Fundisheni Kifungu cha 49 kama mnavyofundisha ngeli. Mwanafunzi anayeondoka kidato cha nne ajue kusema maneno haya manne kwa heshima na bila kutetemeka: "Naomba kuzungumza na wakili." Ajue kwamba kunyamaza si ujeuri. Ajue kwamba kile alichokiri kwa mpelelezi wa kesi yake hakitoshi kisheria. Ungamo hutolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa cheo asiyeichunguza kesi hiyo, tena pakiwapo mtu wa tatu aliyemchagua mwenyewe. Na yule kijana wetu wa mwaka wa pili, kama kweli ametenda kosa, atakiri akijua anachokikiri. Kama hakutenda, hatakuwa na sababu ya kununua usingizi wa siku moja kwa jina lake la maisha.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu uko kaunta ya kituo cha polisi, usiku wa Ijumaa, pale mtoto wa mtu anapoambiwa akubali.