Je, Wajua? Kuishtaki Serikali kwa Ajili ya Mlima na Ziwa

Je, wajua kwamba Katiba ya Kongo ya 2006, ibara ya 53, haikupi tu haki ya kuishi kwenye mazingira safi, bali inakutwika pia wajibu wa kuyatetea? Basi mama wa Mutwanga anayelalamikia mto uliochafuliwa, asiitwe mkorofi. Anafanya kile alichoagizwa na katiba.

Wajua kwamba ibara ya 27 inamruhusu Mkongomani yeyote, peke yake au na wenzake, kuiandikia mamlaka ombi, na mamlaka hiyo ina miezi 3 ya kujibu? Ila hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, barua yako haijafika popote.

Je, wajua kwamba jaji anayepitia uamuzi wa serikali haulizwi kama mradi wa kuchimba mafuta ni mzuri au mbaya? Anaulizwa: aliyetia sahihi alikuwa na mamlaka? Alifuata sheria? Hapo ndipo sheria ya mazingira ya 9 Julai 2011 inapouma, maana inadai uchunguzi wa athari ufanyike kwanza na wananchi wasikilizwe. Mradi wenye faida tele unaweza kuangushwa na karatasi moja iliyorukwa.

Na wajua kwamba uamuzi wa waziri haupingwi Beni wala Goma? Unapelekwa Kinshasa, mbele ya mahakama iitwayo Conseil d'État, ambayo huianza kesi na kuimaliza yenyewe. Mahakama hiyo ilitajwa kwenye katiba mwaka 2006, sheria yake ya kuipanga ikatoka Oktoba 2016, na majaji wakaanza kazi 2018. Mtoto aliyezaliwa siku katiba ilipotangazwa alikuwa tayari anamaliza shule ya msingi. Tena kabla ya kwenda huko, lazima umwandikie kwanza aliyetoa uamuzi na kumwomba aufute. Kisha utafute tiketi ya ndege.

Sasa tuje Virunga, hifadhi iliyoanzishwa 1925, ambayo upande wake wa kaskazini unapanda hadi kwenye theluji za Ruwenzori. Je, wajua kwamba mwaka 2010 serikali iliidhinisha mkataba wa kutafuta mafuta kwenye eneo linaloitwa Bloku V, lililoingia ndani ya hifadhi na kugusa Ziwa Edward? Machi 2011 waziri wa mazingira, José Endundo, akaukataa uchunguzi wa athari uliowasilishwa. Miezi michache baadaye ruhusa ya kuingia ikapatikana hata hivyo. Serikali moja, mikono miwili. Kwa mwanasheria, huo ungekuwa mlango uliofunguka wazi.

Lakini kampuni iliyoshika mkataba huo, SOCO International, haikusimamishwa na jaji wa Kinshasa. Oktoba 2013 shirika la WWF lilipeleka malalamiko London, kwenye ofisi ya serikali ya Uingereza inayopokea mashtaka dhidi ya kampuni zinazokiuka miongozo ya shirika la OECD kuhusu mwenendo wa kampuni. Ofisi hiyo si mahakama na haina uwezo wa kumfunga mtu. Hata hivyo, 11 Juni 2014 kampuni ilikubali kutochimba ndani ya Virunga. Soma maandishi madogo, rafiki: haitachimba *isipokuwa* UNESCO na serikali ya Kongo wakubaliane kwamba kuchimba hakupingani na hadhi ya urithi wa dunia. Vipimo vya mitetemo ziwani viliendelea hadi mwisho. Mwaka uliofuata hata Kanisa la Anglikana la Uingereza likauza hisa zake katika kampuni hiyo.

Wajua kilichotokea siku 9 tu baada ya ahadi ile? Tarehe 20 Juni 2014, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, iliizuia Tanzania kujenga barabara ya lami kupita kaskazini mwa Serengeti. Mshtaki alikuwa shirika la Kenya! Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unamruhusu mkazi wa nchi yoyote mwanachama kushtaki, na halazimiki kumaliza kwanza mahakama za nyumbani.

Je, wajua kwamba mlango huo sasa ni wetu pia? Kongo iligeuka mwanachama kamili wa Jumuiya tarehe 11 Julai 2022. Mwishoni mwa Julai hiyohiyo, Kinshasa ilitangaza mnada wa bloku za mafuta, baadhi zikiingia tena Virunga. Mnada ulifutwa Oktoba 2024, na waziri ndiye aliyeufuta: maombi hayakukidhi masharti. Jaji hakuitwa.

Mlango una saa, lakini: miezi 2 tangu uamuzi utolewe au tangu ulipoujua. Mashirika yaliyolipinga bomba la mafuta la Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, yalifungua kesi Arusha Novemba 2020. Tarehe 29 Novemba 2023 majaji wa ngazi ya kwanza wakasema mashirika hayo yamechelewa. Yalipaswa kuja tangu 2017, serikali zilipotia sahihi makubaliano ya bomba. Kuhusu bomba lenyewe, majaji hawakuulizana hata neno.

La mwisho. Wajua Mkataba unasema lugha ya mahakama hiyo ni ipi? Kiingereza. Mvuvi wa Kyavinyonge ataeleza jambo lake kwa Kinande au Kiswahili, kibali anachokipinga kimeandikwa Kifaransa, na vyote viwili vigeuzwe Kiingereza ili visomwe Arusha, mji ambao hata muuza chai wa hapo nje angemwelewa mvuvi bila mkalimani. Ile miezi 2, wakati huo wote, inahesabika.