Urudufishaji wa Data na Uokoaji wa Mashine Pepe Baada ya Maafa

Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya seva halisi. Ina mfumo endeshi wake na diski yake, lakini diski hiyo kwa kweli ni faili kubwa katika hifadhi ya seva. Seva moja huweza kubeba mashine pepe nyingi. Hii hupunguza gharama, ila seva ikiungua, zote huzimika pamoja.

Kwa kuwa diski ya mashine pepe ni faili, inaweza kunakiliwa hadi kituo cha pili na mashine ikawashwa huko. Kunakili huko kunakofanyika mfululizo, au kila baada ya muda mfupi, huitwa urudufishaji.

Mfano: Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa mwaka 2019. Mchimbaji mdogo anapouza dhahabu, uzito, bei na mrabaha wa Serikali huandikwa. Mgawo wa wenzake waliobaki shimoni hutegemea maandishi hayo. Chukulia kuwa mnunuzi mmoja hutunza kumbukumbu hizo katika mashine pepe mjini Geita, na nakala yake iko Dar es Salaam.

Aina za urudufishaji

(a) Wa papo kwa papo. Data haihesabiwi kuwa imeandikwa mpaka kituo cha pili kithibitishe kuipokea. Data iliyothibitishwa haipotei, lakini mfumo hulazimika kusubiri. Mwanga husafiri ndani ya mkongo kwa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Mkongo ukiwa na urefu wa kilomita 1,000, kwenda na kurudi huchukua si chini ya milisekunde 10. Kila ingizo likisubiri lililotangulia, maingizo hayatazidi 100 kwa sekunde. Aina hii hufaa vituo vilivyo karibu.

(b) Wa vipindi. Seva huandika kwanza, kisha hutuma mabadiliko baadaye. Hufaa umbali mrefu kama wa Geita hadi Dar es Salaam, lakini yaliyoandikwa baada ya kutuma mara ya mwisho yanaweza kupotea.

Vipimo viwili vya mpango wa uokoaji

1. Upotevu unaovumilika: ni data ya muda gani taasisi iko tayari kuipoteza?
2. Muda wa kurejesha huduma: mfumo urudi kazini baada ya muda gani?

Zingatia

Urudufishaji si mbadala wa nakala ya akiba. Karani akifuta rekodi kwa bahati mbaya, au kirusi kikiharibu faili, uharibifu huo nao hurudufishwa. Kwa hiyo zitunzwe pia nakala za siku zilizopita, mahali ambapo seva haiwezi kuzibadilisha.

Njia ya mawasiliano nayo ipangwe. Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika, na intaneti ikazorota nchini Tanzania na kwa majirani. Taasisi ambayo nakala yake iko ng'ambo tu hupata shida siku kama hiyo. Kituo cha pili ndani ya nchi, chenye njia mbili za kukifikia, ni salama zaidi.

Swali

Seva ya Geita hutuma mabadiliko kila baada ya dakika 15. Ilituma mara ya mwisho saa 10:00 jioni. Saa 10:12 radi iliiunguza. Mashine pepe iliwashwa Dar es Salaam na huduma ikarejea saa 10:57. Kokotoa (i) data ya muda gani ilipotea. (Ii) muda uliotumika kurejesha huduma. (iii) Mnunuzi afanye nini kuhusu mauzo yaliyopotea?

Jibu

(i) Dakika 12.
(ii) Dakika 45.
(iii) Aingize upya mauzo ya kati ya saa 10:00 na saa 10:12 kwa kutumia stakabadhi za karatasi, kabla ya mgawo wa wachimbaji kukokotolewa.