Mtoto wa mbwa azoee mikono yetu mapema

Kwa wengi wetu mbwa ni mlinzi wa parsele, basi. Anakula mabaki ya bugali, analala mlangoni, na hakuna anayemgusa isipokuwa kwa fimbo. Sisi pia tulifuga hivyo. Mbwa wetu wa kwanza alikuwa mkali, na tulimsifu kwa huo ukali, mpaka siku kupe walipojaa ndani ya sikio lake. Mtoto wetu wa miaka sita alimwonea huruma, akanyoosha mkono amtoe kupe mmoja. Mbwa yule hakuwa ameshikwa sikio hata siku moja. Akamuuma mkono.

Tuliosha kidonda kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima, kisha tukakimbilia kituo cha afya. Chanjo haikuwepo. Tukapanda gari hadi Goma, karibu kilometa 70, kwa pesa za kuazima. Na mbwa mwenyewe hakuwa amechanjwa, sababu siku wachanjaji walipopita mtaani hakuna mtu wa nyumbani aliyeweza kumshika. Mtoto ni mzima leo, anasoma. Lakini kichaa cha mbwa kikiisha kuonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona, na karibu watu wote wanaokipata ulimwenguni wamekipata kwa mbwa. Kati ya wanaoumwa na wanyama wa kushukiwa, watoto wa chini ya miaka 15 ni karibu 40 kwa 100.

Kwa hiyo jirani alipotupatia mtoto wa mbwa wa majuma manane, tulianza siku ileile. Tangu juma la 3 hadi karibu la 12 au 14, mbwa mdogo anapokea kwa urahisi kila kitu kipya: sauti, watu, mikono. Baadaye anaanza kuogopa asichokijua, na kazi inakuwa ndefu.

Kila mama anayesuka nywele za binti anaijua kazi hii. Ukimvuta kichanuo kwa nguvu siku ya kwanza, siku ya pili unamtafuta nyuma ya nyumba. Ukianza polepole, ukamwachilia kabla hajalia, anakuja mwenyewe na kukaa kati ya magoti yako.

Sisi tulifanya hivi jioni, akiisha kucheza na kuchoka kidogo. Tunashika sikio kwa sekunde mbili, tunampa kipande cha sambaza, tunaachilia. Kesho sekunde tano. Kisha tunafungua sikio na kutazama ndani. Kisha mguu mmoja, kidole kwa kidole, kisha midomo, tunainua tuone meno, kisha mkia na tumbo. Dakika mbili au tatu zinatosha. Kosa letu lilikuwa haraka: siku ya nne tulimshika miguu yote kwa nguvu, akalia, na ikatuchukua karibu juma zima kurudi tulipokuwa.

Akiuma vidole kwa mchezo, usimpige. Simamisha mkono, mpe kamba au mfupa mkubwa usiopikwa. Na akinguruma, usimwadhibu, hata kama inakera. Kunguruma ni kusema «acha». Mbwa aliyepigwa kwa kunguruma anajifunza kunyamaza, halafu siku moja anauma bila kuonya. Acha ulichokifanya, kesho anza na kitu chepesi zaidi.

Kuoga kunaweza kungoja. Tulimzoesha kwanza kusimama ndani ya beseni tupu, kisha maji ya vuguvugu kidogo, mchana wa jua, na kumkausha kwa kitenge kikuukuu. Maji yasiingie masikioni. Kupe tunamshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta moja kwa moja, mkono ukiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Tafadhali, wamama, petroli na dawa ya kuogeshea ng'ombe zisimguse mtoto wa mbwa: zinaweza kumuua. Kucha, kwetu, mawe ya volkano yanazisugua yenyewe.

Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa katika mazoezi haya, wala asimguse anapokula au kulala. Wetu alikaa pembeni majuma mawili, anaogopa bado. Hatukumsukuma.

Wapo watakaosema mbwa aliyezoea mikono hawezi kulinda. Twende basi Rumangabo, hapahapa Rutshuru, kwenye makao ya hifadhi ya Virunga. Tangu 2011 kuna kikosi cha mbwa wanaofuata harufu ya majangili msituni. Wengi ni wa aina yenye masikio marefu ya kuning'inia, na masikio ya namna hiyo yanahitaji kufunguliwa na kusafishwa kila mara. Kazi yao ni ngumu kuliko kulinda kuku wetu, na bado wanashikwa.

Alipotimiza miezi mitatu tulimpeleka kwa muganga wa nyama kwa chanjo ya kichaa. Tulifunga kamba shingoni kwa desturi tu. Muganga aliinua sikio, akatazama meno, akachoma. Mbwa aligeuza kichwa, akanusa mkono wetu akitafuta sambaza. Aliyeishikilia ile kamba ni mtoto wetu, kwa mkono uleule wenye kovu.