Kijana wa Kuwinda na Madawati Yaliyotolewa Nje

Joel Kioko alijifunza hatua zake za kwanza za baleti katika darasa la shule jijini Nairobi. Kuta zilikuwa tupu, hapakuwa na kioo wala mti wa ukutani wa kushikilia, na madawati yalitolewa nje kabla ya kipindi. Kwao ni Kuwinda, mtaa wa mabanda ulio jirani na majumba ya kitajiri ya mtaa wa Karen. Desemba 2016, akiwa na miaka 16, alirudi likizo kutoka Marekani alikokuwa akisomea uchezaji, akapanda jukwaani Nairobi na kucheza peke yake katika baleti iitwayo The Nutcracker, yenye muziki wa Tchaikovsky. Baadaye akapokewa English National Ballet School, London.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kibosho, Kilimanjaro, na ndimi ninayewafundisha wanafunzi wetu ngoma za UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi. Masika yakikolea, uwanja wetu wa mteremkoni huwa utelezi mtupu, nasi hutoa madawati barazani tukachezea darasani. Kwa hiyo habari ya madawati ya Nairobi ilinigusa kuliko habari ya London.

Baleti husimulia hadithi kwa mwili na muziki, bila maneno. Ilianzia katika majumba ya watawala wa Italia ikakulia Ufaransa, ambako Mfalme Louis wa 14 alianzisha chuo cha uchezaji mwaka 1661. Mchezaji hufunzwa kugeuza miguu nje kuanzia kwenye nyonga, kuruka juu na kutua bila kishindo. Mwili hukubali hayo ukianza mapema, tena chini ya mwalimu anayejua kazi. Sakafu nayo ina neno lake: hutakiwa mbao zenye nafasi chini, zinazobonyea kidogo mtu anapotua, kwani saruji huumiza magoti na miundi.

Kioko alipata mwalimu wa namna hiyo. Cooper Rust, mchezaji kutoka South Carolina, alikuwa akifundisha watoto wa mitaa ya mabanda, na mwaka 2015 ikazaliwa Dance Centre Kenya, shule inayowafadhili watoto wasio na uwezo. Kule Kibera, mtaa mwingine wa mabanda wa Nairobi, Mkenya Mike Wamaya naye alifundisha baleti darasani kwa namna hiyohiyo, na mwaka 2017 akaingia katika kumi bora wa tuzo ya kimataifa ya walimu.

Kabla yao wote alikuwepo Arthur Mitchell. Alizaliwa Harlem, New York, mwaka 1934, na mwaka 1955 akajiunga na New York City Ballet, wakati ambapo wengi Marekani waliamini mwili wa mtu mweusi haukuumbiwa baleti. Mwaka 1957 mtunzi wa baleti George Balanchine alimpanga acheze baleti ya Agon pamoja na Diana Adams, mwanamke mzungu. Mkono mweusi ukashika mkono mweupe mbele ya watu, nchi ikiwa bado imegawanywa kwa rangi. Ilipita miaka mingi kabla Mitchell hajaonekana kwenye televisheni za kibiashara za Marekani akicheza mchezo huo na mwanamke mzungu.

Aprili 1968 Martin Luther King, mtetezi wa haki za watu weusi, aliuawa. Kifo hicho kilimgusa Mitchell: aliyekuwa na jina kubwa na kazi za kumwita nchi nyingine, alirudi Harlem kufundisha watoto katika gereji, milango ikiwa wazi ili wapita njia waone. Walianza watoto wapatao 30, na muda si mrefu wakawa mamia. Mwaka 1969, akiwa na mwalimu wake Karel Shook, alianzisha Dance Theatre of Harlem. Wachezaji wake walipaka viatu rangi ya ngozi zao na kuvaa soksi za rangi hiyohiyo, badala ya waridi iliyozoeleka. Mitchell alifariki mwaka 2018. Kwangu mimi, gereji ile ni kazi kubwa kuliko majukwaa yake yote.

Hapa Kibosho baba mmoja aliniuliza, “Mwalimu, huku kucheza kutampa nini binti yangu?” Nikamjibu, “Baba, anapata nidhamu, anapata mwili wenye afya, na Mungu akijalia anapata kazi.” Akanyamaza, ila Ijumaa iliyofuata binti alikuja mazoezini. Mtoto kama huyo akitaka kuendelea, chuo cha serikali cha sanaa kiko Bagamoyo, safari ya siku nzima kwa basi, tena ni chuo cha waliokwisha kukua.

Sidai kila mtoto wa Kibosho au Marangu acheze baleti. Ngoma ya kwao ina ufundi wake, nayo inahitaji sakafu na mwalimu vilevile. Lakini huku Kilimanjaro zipo kumbi za makanisa na za shule zinazofungwa kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Wakuu wa shule na wazee wa kanisa mnaosoma makala hii, nawaomba: mpeni mwalimu wa ngoma wa jirani yenu ufunguo, walau mchana mmoja kwa wiki.