JINO LIKIUMA NA DAKTARI YUKO MBALI



Jino halichagui saa ya kuuma. Mara nyingi huanza usiku, matatu hakuna, na nauli ya kwenda Kitui haijapatikana. Hapo ndipo watu hujitibu kwa njia za hatari. Leo tunaeleza la kufanya hadi mgonjwa amfikie daktari wa meno.

Kwa nini huuma? Vijidudu vya mdomoni hula sukari na kutoa asidi inayotoboa jino polepole. Tundu likifika ndani kwenye mshipa, maumivu makali huanza. Usaha ukijaa kwenye mzizi, shavu huvimba.

La kufanya nyumbani:
1. Sukutua kwa glasi ya maji vuguvugu yenye nusu kijiko kidogo cha chumvi. Tema, usimeze.
2. Toa mabaki ya chakula kwa uzi safi. Usichokonoe kwa mwiba wala sindano.
3. Weka kitambaa chenye maji baridi shavuni, kwa nje. Ukilala, inua kichwa kwa mto.
4. Mtu mzima anaweza kumeza tembe 2 za parasetamoli za miligramu 500, na kurudia baada ya saa 6. Asipite tembe 8 kwa saa 24. Mtoto, na mtu mwenye ugonjwa wa ini, waulize kliniki kwanza.

La kuepuka: Usiweke aspirini juu ya ufizi, inachoma. Tindikali ya betri, petroli na ugoro pia ni mwiko. Jino lising'olewe kwa koleo kijijini. Na zile antibiotiki mbili tatu za dukani haziondoi tundu.

Hatari kubwa: uvimbe ukishuka shingoni au kupanda jichoni, homa ikipanda, mdomo ukikataa kufunguka, au kumeza na kupumua kukiwa kwa shida, mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Ugonjwa huu unaweza kuua. Walio karibu nasi wana Hospitali ya Our Lady of Lourdes hapa Mutomo.

Jambo moja hudanganya wengi. Maumivu yakikoma ghafla, mtu husema, "Nimepona," na nauli anainunulia unga. Lakini mara nyingi ni mshipa umekufa, na usaha unaendelea chini kwa chini. Bado aende!

Hapa ndipo mwethya unasaidia. Kama tunavyochimba mtaro pamoja, tunaweza kutenga pesa kidogo kila mkutano iwe nauli ya dharura. Mwenye jino bovu akopeshwe mapema, alipe polepole. Jino lililowahiwa pengine litazibwa, lakini lililocheleweshwa litang'olewa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Someni haya katika mkutano ujao, mkubaliane kiasi cha kuchanga.