Shule Kwanza, Nyumba Baadaye

Mfanyakazi apatapo barua ya uhamisho, maswali yake ya kwanza huwa mawili: nyumba itapatikana wapi, na kodi yake ni shilingi ngapi? Swali la tatu, ambalo kwa maoni yetu lingepasa kuwa la kwanza, huachwa mpaka mizigo imekwisha kushushwa garini: watoto watasoma wapi? Leo twataka kulinena jambo hili waziwazi, kwa kuwa lawagusa wafanyakazi wengi waliokwisha kuhamia Dodoma na wengine watakaowafuata. Na kwa kuwa uamuzi mbaya ukifanyika hapa, aulipiaye si baba wala mama, bali ni mtoto.

Tukumbushane kwanza tulikotoka. Uamuzi wa kuyahamishia Dodoma makao makuu ya nchi yetu ulipitishwa na TANU mwaka 1973, na kwa miaka mingi ulikwenda mwendo wa kobe. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali yote itahamia huko, na kabla mwaka huo haujakwisha Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikwisha kutangulia. Aprili 2018 Dodoma ikawa Jiji, na mwaka huo huo Bunge likatunga sheria ya kuyathibitisha makao makuu hayo. Wizara zikajengewa Mji wa Serikali huko Mtumba, na Mei 2023 ikazinduliwa Ikulu ya Chamwino.

Matokeo yake yamo katika hesabu ya watu. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika eneo la Manispaa ya Dodoma. Sensa ya 2022 ikakuta watu 765,179 katika Jiji. Ni ongezeko la watu zaidi ya laki tatu na nusu kwa miaka kumi. Watu hao hawakuja kama magunia ya mahindi, kupangwa ghalani na mlango kufungwa. Walikuja na watoto, au wamezaa watoto papo hapo, na kila mtoto ahitaji dawati, kitabu na mwalimu. Chumba cha darasa chaweza kujengwa kwa miezi michache; mwalimu mwema hapatikani kwa miezi michache.

Twaona kwamba wafanyakazi wanaohamia hufuata mojawapo ya njia tatu. Wako wanaowaacha watoto mji wa zamani pamoja na mama yao, au na bibi yao, nao wakaenda kazini peke yao. Wako wanaotafuta shule yenye sifa, hata ikiwa upande wa pili wa jiji, mtoto akalazimika kuamka kabla ya alfajiri kungoja basi. Na wako wanaopanga nyumba kwanza, kisha wakampeleka mtoto shule yoyote iliyo karibu bila kuiona. Kila njia ina sababu zake, na sisi hatumlaumu mzazi. Lakini kila njia yapaswa kupimwa.

Tuanze na wale wanaoacha familia. Tangu Agosti 2024, ulipozinduliwa rasmi usafiri wa treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma, safari ambayo kwa basi ilikula mchana kutwa sasa haifiki saa nne katika treni ya haraka. Kwa hiyo wako wanaosema: ya nini kuhama, na hali Ijumaa jioni nitakuwa nyumbani? Twakubali kwamba kuna wakati ambapo kungoja ni busara. Mtoto aliye Darasa la Saba au Kidato cha Nne haifai kung'olewa katikati ya mwaka, kwa sababu mtahiniwa huandikishwa katika shule yake mapema, na walimu wake ndio wajuao udhaifu wake. Na angoje, amalize mtihani wake. Lakini kungoja kuwe na tarehe ya mwisho. Mwaka mmoja ukigeuka kuwa mitano, hapo hakuna kungoja tena. Nyumba imekwisha gawanyika. Kodi zalipwa mbili, majiko yawaka mawili, na mtoto amjua baba yake kuwa ni mtu wa Jumamosi na Jumapili.

Njia ya pili ni ile ya shule ya mbali yenye sifa. Hatuzipingi shule zisizo za Serikali. Ziko zinazofundisha vizuri sana. Tunalopinga ni mzazi kununua kibao cha mlangoni na rangi ya basi. Mtoto anayeondoka nyumbani kukiwa giza na kurudi jua likizama hana saa ya kucheza wala ya kusoma, na husinzia darasani hata kama mwalimu ni hodari namna gani.

Tena kuna jambo la lugha, ambalo wazazi wengi hulipuuza. Shule za msingi za Serikali, ukiacha chache kama Olympio na Diamond za Dar es Salaam, hufundisha kwa Kiswahili, na Kiingereza huwa somo. Sekondari hugeuka, masomo mengi yakafundishwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyesoma hisabati kwa Kiingereza mpaka Darasa la Tano, akihamishiwa shule ya Kiswahili, ataijua njia ya kutafuta kigawe kidogo cha shirika, lakini swali lenyewe hatalifahamu. Na yule atokaye katika Kiswahili akatupwa katika Kiingereza bila msaada hupata taabu zaidi, maana huonekana mjinga na hali si mjinga. Kwa hiyo shauri letu ni hili: lugha aliyoanza nayo mtoto isibadilishwe katikati bila sababu kubwa; na mzazi asianze kulipa karo ambayo mshahara wake hauwezi kuibeba mpaka mwisho. Ni afadhali mtoto asome miaka yote shule ya mtaa kuliko kusoma miaka miwili shule ya fahari, kisha arudishwe kwa sababu ya deni.

Njia ya tatu, ya kuchukua shule ya jirani bila kuitazama, nayo ina hatari yake. Kabla ya kulipa kodi ya nyumba, mzazi na aende mwenyewe shuleni siku ya masomo. Amwone mwalimu mkuu kwa adabu, aulize: darasa atakaloingia mwanangu lina watoto wangapi? Kipimo cha Serikali kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Aulize hesabu ya darasa lenyewe, si wastani wa shule nzima, maana wastani huficha mengi. Atazame vyoo na maji. Aulize kama watoto hupata chakula cha mchana. Kisha aipite kwa miguu njia atakayopita mtoto. Dodoma ni nchi kavu, lakini katika miezi ya mvua, kati ya Desemba na Aprili, korongo lililo kavu asubuhi laweza kujaa maji jioni. Shule iliyo ng'ambo ya korongo lisilo na daraja si shule ya karibu, hata ikiwa twaiona kwa macho.

Na matokeo ya mitihani? Yatazamwe, lakini kwa akili. Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani limeacha kutangaza orodha ya shule zilizoongoza kitaifa, nasi twaona lilifanya vyema. Lakini matokeo ya kila shule bado hutolewa hadharani. Mzazi asome ya miaka mitatu au minne, si ya mwaka mmoja. Aulize pia ni wangapi walioanza pamoja na ni wangapi waliofika kwenye mtihani. Shule ichaguayo watoto wepesi mlangoni na kuwaondoa wazito njiani haikosi kung'aa. Shule ipokeayo kila mtoto, ikawafikisha walio wengi, ndiyo yenye walimu.

Yafaa vilevile kukumbuka kwamba kuichagua shule ya msingi ni kuanza kuichagua sekondari. Watoto wachache huchaguliwa kwenda shule za bweni. Walio wengi watokao shule za msingi za Serikali hupangiwa shule za kutwa katika halmashauri yao, na aghalabu katika kata yao au iliyo jirani. Kwa hiyo atakayepanga nyumba Nzuguni, au Nkuhungu, au Ihumwa, na aitazame sekondari ya hapo siku ile ile anapoitazama ya msingi. Na uhamisho wenyewe ufuate taratibu: ombi lipitie kwa mwalimu mkuu wa shule ya zamani, kumbukumbu za mtoto zihamishwe pamoja naye, na ikiwezekana mtoto aanze Januari, wakati ambapo kila mmoja darasani ni mgeni kidogo.

Baada ya hayo, twasema wazi ni shule ipi twaipendekeza. Kwa familia nyingi za wafanyakazi, madereva, makarani, wauguzi na walinzi, shule bora ni ile ya mtaani, inayofikika kwa miguu, yenye walimu wa kutosha, na ambayo mzazi yu tayari kuishika mkono. Nyumba na itafutwe kandokando ya shule hiyo.

Wako watakaosema kwamba shule za mtaani zimejaa. Ni kweli kwamba tangu ada ilipofutwa mwaka 2016 watoto wengi walimiminika mashuleni, na hiyo ni heri. Nchi yetu iliyaona hayo pia mwaka 1977, ulipoanza mpango wa elimu ya msingi kwa wote: milango ilifunguliwa upesi, walimu hawakutosha, na ubora ukadhoofika. Lakini wakazi wapya wakikimbia wote, nani atabaki kuisemea shule hiyo? Watoto wa Mtumba na Ihumwa, wengi wao wa ndugu zetu Wagogo, walikuwapo kabla ya jengo la wizara hata moja. Mtumishi ajuaye namna ya kuandika barua na mlango wa kubisha, akiingia katika kamati ya shule, akahudhuria mkutano wa wazazi na kuuliza mwalimu wa hisabati yuko wapi, hamsaidii mwanawe peke yake. Awasaidia watoto wote wa darasa lile.

Wakubwa nao wana sehemu yao. Mwajiri anayemhamisha mtu humlipia nauli na mizigo. Na aufikirie pia mwaka wa masomo, barua zitoke mapema ili familia ihame wakati wa likizo ya Desemba. Halmashauri ya Jiji, iliyorithi kazi ya kupima viwanja ilipovunjwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu mwaka 2017, na ivilinde viwanja vya shule kama mboni ya jicho, visije vikageuzwa vya maduka. Na kila darasa jipya lifunguliwapo, mwalimu wake awe amekwisha kupangwa.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wafanyakazi wanaohamia Dodoma ni wageni wa namna hiyo, na pa kuanzia ni pale mtoto wa mgeni na mtoto wa mwenyeji wanapoketi juu ya dawati moja. Kabla ya kutia sahihi mkataba wa nyumba, ndugu, nenda kaione shule.